Mstari wa Maji

Tangu azaliwe, Ardis Nygaard hakuwahi kuuziwa kitu asichokitaka na mwanamume yeyote, na jambo hilo alilitangaza kanisani, dukani na hata kwa daktari wa mifugo. Halafu, akishajisifu akaridhika, alikuwa akiongeza mwenyewe kwa sauti ya chini kwamba ile mashine ya kukamulia inayoota kutu bandani aliuziwa na mwanamume, tena mwaka uleule alioacha kufuga ng'ombe wa maziwa.

"Lakini yule alikuwa na meno mazuri," alisema. "Wa meno mazuri siwahesabu."

Cody Pruett naye alikuwa na meno mazuri.

Alifika mwezi wa Machi, theluji ikiyeyuka na Dakota Kaskazini nzima imegeuka matope. Aliegesha pikapu yake nyeupe mlangoni kabisa, pale ambapo hata mchungaji haegeshi, akashuka na viatu vyake vya ngozi ya nyoka. Ardis alimtazama kupitia dirisha la jikoni akajisemea, hawa ndio wale watu wa mafuta. Wilaya nzima ilikuwa inawazungumzia, ila kila mtu alizungumza kama vile wanapita kwa jirani tu, kwake hawapiti.

Huku kwao viatu vinaachwa mlangoni, uwe wakala au uwe gavana. Cody akavua. Soksi yake ya kushoto ilikuwa imetoboka, na kidole gumba kimechungulia nje kama kifaranga. Ardis akamwonea huruma, na huo ulikuwa mwanzo wa matatizo, maana ukishamwonea mtu huruma ya soksi unamkatia kipande kikubwa cha mkate.

Keki hakumpa. Jambo hilo lishikwe vizuri. Alimpa mkate na siagi.

"Mama Ardis," akaanza Cody, kahawa haijatoa hata moshi, "kampuni yetu imekuchagua."

"Kunichagua niwe nani?"

"Mshirika wetu." Akatandaza karatasi kando ya bakuli la sukari. "Wewe huna kazi yoyote. Unatia saini, sisi tunachimba, mafuta yakitoka unapata mgao wako mpaka wajukuu wa wajukuu."

Ardis hakuwa na wajukuu. Alikuwa na ng'ombe wa nyama, goti bovu, na ardhi ya babu yake. Kule mtu anaweza kumiliki shamba la juu, na mwingine kabisa akamiliki vilivyo chini yake, kama nyumba yenye wapangaji wawili wasiosalimiana. Mashamba mengi yaliuzwa hivyo zamani, juu huku, chini kule. Lakini babu yake Ardis alikuwa mbishi ajabu. Hakuuza juu wala chini, hata kokoto hakumgawia mtu. Kwa hiyo mwenye mali ya chini alikuwa Ardis, na bila saini yake kampuni haikuwa na ruhusa ya kumwingilia.

Aliisoma karatasi ile. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, na Cody akala mkate wote akaanza kuangalia saa.

"Sina ubaya na mafuta," Ardis akasema mwishowe. "Mgao wenu nao nimeuona. Nataka jambo moja tu. Ongeza mstari hapa uandike kwamba mtambo wenu hautasogea karibu na chemchemi yangu. Futi elfu moja, basi."

"Chemchemi?"

"Ile ya bondeni. Ng'ombe wanakunywa pale, nami maji ya kahawa hiyo unayokunywa yanatoka pale. Mkimwaga uchafu wenu siku moja tu, nimekwisha. Siwezi kuwapa ndama mafuta wanywe."

Cody akacheka kwa upole, kama anavyocheka daktari kabla ya kukuchoma sindano. "Mama yangu, karatasi hii ni moja kwa watu wote. Haiongezwi neno, haipunguzwi neno. Ni kama Biblia."

"Biblia ina Agano la Kale na Agano Jipya," Ardis akamjibu. "Kwa hiyo kuna mtu aliongeza."

Cody akashika njia nyingine. "Majirani zako wote wametia saini hivihivi ilivyo. Bwana Delmer Haugen ametia saini. Bibi Moen ametia saini."

"Gudrun Moen? Ametia saini?"

"Kwa mkono wake mwenyewe, na hakutaja maji hata kidogo. Umebaki wewe peke yako, mama. Ijumaa ya wiki ijayo nitarudi mara ya mwisho. Ukikataa, tutachimba pande zote za shamba lako, na serikali ya jimbo itayahesabu tu mafuta yako pamoja na ya wenzako, utake usitake. Nisingependa uachwe nyuma. Unanikumbusha bibi yangu."

Akavaa viatu vyake vya nyoka akaondoka. Matairi yake yakaacha mitaro miwili mlangoni ambayo Ardis aliiziba kwa koleo, akitukana kwa Kinorwe, lugha ambayo alirithi matusi yake tu.

Lakini hasira yake ya kwanza haikumwendea Cody. Iliwaendea majirani. Mwaka ule wa ukame, visima vyote vilipokauka na ng'ombe wakaanza kulamba mawe, walikwenda kuchota wapi? Kwake! Delmer alikuja na trekta na matangi. Gudrun Moen alikuja kuazima hata mapipa, tena vifuniko hakurudisha. Walikunywa, wakanywesha, wakaoga. Leo imekuja karatasi ya kuamua maji yataishi au yatakufa, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema neno maji! Wametia saini wakanyamaza, kila mtu na siri yake kama kuku aliyetaga porini.

"Watu wa kanisa hao," alimwambia ng'ombe mmoja. "Watu wa kanisa!"

Ungedhani angepiga simu tu akawauliza. Huwajui watu wa huko. Unaweza kumwuliza jirani habari ya nyongo yake aliyotolewa hospitali, naye akapandisha shati akuonyeshe kovu mezani. Lakini ukimwuliza ana ng'ombe wangapi, umemvua nguo. Ukimwuliza ameahidiwa nini na watu wa mafuta, umemvua nguo mbele ya mkwe wake. Hayaulizwi hayo. Mama zao hawakuuliza, na bibi zao walikufa bila kuuliza. Kwa hiyo Ardis alikaa na hasira yake, akaikoroga kwenye kila kikombe.

Alhamisi ikapita, Jumapili ikapita. Siku moja akapeleka chumvi kwa ng'ombe wa upande wa magharibi, akamkuta Lowell Rustad anarekebisha uzio. Lowell ni binamu yake wa mbali, na ndiye anayemwondolea theluji mlangoni kila msimu wa baridi bila kuombwa. Wakasimama huku na huku ya waya, wakazungumzia upepo. Walipomaliza upepo wakazungumzia bei ya majani ya ng'ombe. Ndipo Ardis akaliingilia jambo lenyewe kwa mlango wa nyuma.

"Kuna kijana fulani wa meno mazuri anazungukazunguka huku."

"Nimesikia," Lowell akasema, akipiga msumari.

"Kwako amefika?"

Lilikuwa swali la karibu mno na uchi, na Lowell akageuza uso. "Kwangu hajakanyaga. Akikanyaga atarudi kwao Oklahoma kwa miguu. Wewe usisaini, Ardis. Hao ni wezi."

Ardis akarudi nyumbani moyo umepoa kidogo. Alau yupo mmoja.

Jumatano ni siku ya supu ya Kwaresima. Wanakusanyika kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, wanaume wakiwa mezani mwao na wanawake mezani mwao ingawa hakuna aliyewapanga, na kahawa ni nyepesi hata unaweza kuuona msumari uliozama kikombeni. Ardis alikuwa na zamu ya kugawa supu. Akamjazia Gudrun Moen bakuli, na Gudrun, mwanamke wa miaka themanini na kitu, mdogo kama kijiko, akamtazama kwa jicho la lawama.

"Unanitazama nini?" Ardis akauliza.

"Sikutazami."

"Unanitazama, Gudrun. Tena kama mimi ndiye niliyekaa na vifuniko vya mapipa ya watu."

"Na mimi ndiye niliyeuza maji ya watu?"

Upawa ukasimama hewani. Ardis akaona kwamba ama aseme sasa ama apasuke, na goti lake lisingestahimili kupasuka. Akaweka upawa chini. Akageukia ukumbi mzima, akasema kwa sauti ile anayoitia ng'ombe:

"Sikilizeni! Yule kijana wa mafuta alikuja kwangu. Nitawaambia alichoniahidi."

Naye akawaambia. Mgao, fedha ya kutia saini, yote, mpaka senti, hadharani, mbele ya watoto na mchungaji. Kijiko kikaanguka mahali fulani. Mzee mmoja akavaa kofia yake ndani ya kanisa kwa kuchanganyikiwa. Hata angepanda juu ya meza akacheza, wasingeshtuka vile.

"Nikamwomba mstari mmoja wa kulinda chemchemi," akaendelea, uso umemwiva. "Akanikatalia. Akasema ninyi nyote mmesaini na hakuna aliyetaja maji. Delmer, umesaini. Gudrun, umesaini kwa mkono wako mwenyewe. Haya, kuleni supu."

"Mimi?" Gudrun akapaza sauti. "Mimi nimesaini? Nilimwambia aandike habari ya maji, akasema hakuna mtu wilaya hii anayeyataja, na kwamba Ardis Nygaard mwenye chemchemi yenyewe amesaini bila kugusa neno! Nikalia, Ardis! Nikasema Ardis ametuuza!"

Delmer Haugen, mtu mkubwa ambaye kwa mwaka husema maneno ya kujaza kikombe kimoja, akasimama taratibu. "Na mimi niliomba hivyohivyo," akasema. "Kwa ajili ya bwawa langu. Akaniambia Ardis amesaini. Alisema ulifurahi sana, ukamkatia keki."

"Keki!" Ardis akashika meza. "Alisema nilimpa keki?"

"Ya limau."

Wako watu waliosema baadaye kwamba jambo hilo la keki ndilo lililomwumiza zaidi, na ni kweli. Mtu akikuibia maji ni mwizi tu. Mtu akikusingizia keki anakuonyesha kwa majirani kwamba ulifurahia kuwauza. Alikuwa amechukua jina lake akalizungusha nyumba hadi nyumba kama mtu anayeuza mifagio, na kila nyumba akaliacha limechafuka. Naye aliwezaje? Aliwezeshwa na wao! Alijua hawaulizani. Alikuja kutoka mbali, akautazama ukimya wao wanaouita adabu, akaona ni zizi lisilo na mlango, akaingia kukamua.

"Tumekuwa wajinga," Gudrun akasema, na kwa mara ya kwanza tangu vita vya mababu hakuna aliyempinga.

Ndipo Lowell Rustad akapiga meza yake mpaka biskuti zikaruka. "Wahuni!" akasema. "Mimi huyo kijana sijamwona hata kwa macho, lakini nasema hivi, asisaini mtu! Ijumaa twende kwa Ardis sote, tusimame pamoja. Ama mstari wa maji kwa kila mtu, ama hakuna saini hata moja!"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kwa watu wa huko, kutikisa vichwa ni kama kwingine kubeba mtu mabegani. Ardis alimpelekea Lowell bakuli la pili bila kuulizwa, lenye nyama nyingi.

Ijumaa Cody alipokuja hakupata pa kuegesha. Uani kulikuwa na mapikapu na trekta la Delmer, ambalo Delmer alilileta bila sababu, kwa uzito tu. Ardis alikuwa amesimama mbele ya mlango, Gudrun kando yake na fimbo yake, na wengine nyuma yao, mikono mifukoni. Lowell peke yake alikuwa bado hajafika.

Cody akatabasamu meno yote. "Mama Ardis! Leo kuna sherehe?"

"Ipo," Ardis akasema. "Tumekuja kula ile keki ya limau niliyokukatia."

Meno yakapungua. Cody akatazama nyuso moja moja, akawaona Delmer na Gudrun ambao walipaswa kuwa hawasemezani na Ardis, akaelewa kwamba zizi limepata mlango.

"Ulimwambia Bibi huyu nimesaini?" Ardis akamwuliza.

"Inawezekana nilichanganya majina, mama. Natembelea watu wengi sana."

"Na mimi nilisaini kwa mkono wa nani?" Gudrun akasema, akisogea na fimbo. "Nisogelee, kijana, sisikii vizuri. Njoo unieleze hapa karibu."

Cody hakusogea. Alipumua, akaweka mkono kifuani, na sauti yake ikawa laini kama siagi juani. "Wazee wangu, niliwahimiza kupita kiasi. Nakubali. Lakini mstari wa maji ni jambo jingine. Ningekuwa na uwezo ningewaandikia sasa hivi. Kampuni haijawahi kumwandikia mtu yeyote wilaya hii mstari wa namna hiyo. Yeyote. Nikiwaandikia ninyi nafukuzwa kazi. Nina mtoto mchanga."

Watu wakatazama matope. Ardis aliwaona wanavyoanza kulegea, maana mtoto mchanga ni mtoto mchanga, na labda ilikuwa kweli kwamba jambo hilo haliwezekani. Delmer akakuna shingo. Bibi mmoja nyuma akauliza kwa sauti ndogo mtoto anaitwa nani. Chemchemi ilikuwa inamtoka Ardis mikononi, akiwa amesimama pale pale, mbele ya mashahidi wake wote.

Hapo pikapu ya Lowell ikaingia uani. Lowell akafungua mlango, na kabla hajaweka mguu chini, mbwa wake Bamse akaruka nje.

Bamse si mbwa wa kusimuliwa mbele ya watoto. Alimng'ata mleta barua, akamng'ata daktari wa mifugo, akamng'ata Delmer mara mbili, na askofu alipokuja kuzindua kengele alirudi mjini na suruali ya kuazima. Watu wakapanda kwenye ngazi. Gudrun akainua fimbo. Cody peke yake hakukimbia, na Bamse akamwendea mbio moja kwa moja, akaruka, akamwekea miguu miwili kifuani, na akamlamba kidevu.

Halafu akatia pua kwenye mfuko wa kulia wa koti. Mkono wa Cody ukaingia mfukoni wenyewe, kama mkono wa mtu aliyezoea, ukatoa kipande cha nyama kavu. Bamse akakaa chini kwa heshima, akala.

Matone ya theluji yalisikika yakidondoka kutoka kwenye paa.

"Mbwa mjinga huyu," Lowell akasema, akicheka peke yake. "Anampenda kila mtu."

Delmer akalitazama shavu la mguu wake lenye kovu, akamtazama Lowell.

Ardis alihisi hasira inapanda kutoka kwenye lile goti bovu mpaka masikioni. Akilini alimwona Lowell anapiga meza ya kanisa. Aliikumbuka nyama aliyomjazia kwenye bakuli. Akatamani kumfokea mpaka madirisha yavunjike. Lakini ukimfokea Lowell Rustad anakana, na akishakana hata mwisho wa dunia hatabadilika. Udhaifu wake ni mmoja tu: hawezi kusikia mtu anataja kipimo akamwachia ushindi. Ukivua samaki, wa kwake alikuwa mrefu zaidi. Ukiumwa jino, lake lilitoboka mpaka shingoni.

Kwa hiyo Ardis akalegeza uso. Akashika shavu, kama bibi aliyechoka na mambo ya dunia.

"Lowell, ndugu yangu, afadhali umefika," akasema. "Tuko hapa tunabishana. Mimi nimeomba futi elfu moja kutoka kwenye maji, na kijana anasema hakuna aliyewahi kupewa hata moja. Naogopa nimekuwa na tamaa. Elfu moja ni nyingi mno, sivyo?"

"Nyingi?" Lowell akasema, akipandisha suruali. "Hizo ni za watu wasiojua kubishana, Ardis. Mimi kwenye bwawa langu nilimbana huyu mpaka akaniandikia elfu moja na mia tano."

Cody akafumba macho.